NASCAR: kumgonga wa mbele makusudi ni ufundi au ni uhuni?

Kwa aliyeuliza hivyo kuhusu NASCAR, mashindano ya mbio za magari ya Marekani: inaweza kuwa vyote viwili. Angalia kwanza amegongwa wapi.

Mguso unaovumiliwa ni wa viwanja vifupi kama Martinsville, ambako mzunguko mmoja ni kama mita 850. Wa mbele akikanyaga breki kuingia kona, uzito wa gari unahamia mbele na matairi ya nyuma yanapungukiwa na mshiko. Hapo unamgusa katikati ya bampa, au kushoto kidogo. Gari lake linateleza kwenda juu ya kona, upande wa nje, wewe unapenya chini, upande wa ndani. Anapoteza nafasi, gari bado analo mkononi. Oktoba 2018 dereva Joey Logano alimfanyia hivyo mwenzake Martin Truex Jr. mzunguko wa mwisho hapohapo Martinsville. Truex alimaliza wa tatu, amefura kwa hasira, na Logano akabaki na ushindi wake.

Wengi huharibu kwenye breki. Ukichelewa kidogo tu, unamfikia kwa kasi kubwa na kumzungusha kabisa. Nawe pia hutakuwa salama: pua ikibonyea, hewa haifiki vizuri kwenye rejeta na injini inachemka. Au bodi inasugua tairi mpaka linapasuka mizunguko michache baadaye.

Kona ya nyuma kulia ni habari nyingine. Kwenye oval, yaani uwanja wa umbo la yai, magari huzunguka kwa kukata kushoto, hivyo ukuta wa nje uko kulia. Ukimgonga pale, mkia unakwenda kushoto na pua inageukia ukutani. Huko ni kumpiga mtu mtama akiwa mbioni; usukani haumsaidii tena. Bubba Wallace alifungiwa shindano moja kwa hilo baada ya Las Vegas 2022, Chase Elliott vilevile baada ya Charlotte 2023. Waamuzi hawaangalii video tu, wanasoma pia data za usukani, breki na kanyagio la mafuta, kwa hiyo "gari lilinishinda" haipiti kirahisi.

Kulipa kisasi ndiko kubaya zaidi. Mwaka 2015 Matt Kenseth, akiwa nyuma kwa mizunguko tisa, alimtoa Logano aliyekuwa akiongoza Martinsville. Alifungiwa mashindano mawili, na kwangu ni sawa kabisa: hakuwa akigombea nafasi yoyote.

Adhabu ya uwanja wa Richmond 2024 sikubaliani nayo. Austin Dillon alimzungusha Logano, kisha akamgonga Denny Hamlin nyuma kulia, yote mzunguko wa mwisho. Alikatwa pointi 25 na ushindi haukumwingiza kwenye mchujo wa ubingwa, lakini kombe alibaki nalo. Mimi ningelichukua.

Halafu kuna suala la mdomo. Hamlin huyohuyo alimbana Ross Chastain ukutani Phoenix 2023, na huenda ingepita hivihivi. Akakiri kwenye podikasti yake mwenyewe kwamba alikusudia: pointi 25 na faini ya dola 50,000.