Alama ya kidole si "namba tu"

SWALI: Kaka, mwaka jana nilijiunga na jimu moja Nyali, tukatakiwa kuweka kidole mlangoni badala ya kadi. Nimeacha kwenda tangu Ramadhani. Nilipoomba alama zangu zifutwe, msimamizi alisema nisijisumbue, mashine haiweki picha ya kidole, inaweka namba tu. Fundi mmoja wa simu Barabara ya Digo yuko tayari kunifutia kwa shilingi 1,500. Nimlipe? (Msomaji, Bamburi)

JIBU: Usimlipe, dada yangu. Kompyuta ya jimu haiingiliki kutoka kibanda cha simu, na anayeweza kuiingilia bila ruhusa ni mwizi, usimpe na jina lako. Atabonyezabonyeza simu yake, atasema "tayari", na alama zako zitabaki pale pale zilipokuwa.

Lakini linaloniudhi zaidi ni neno la msimamizi. Mimi kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mashine hizi, Likoni hadi Mtwapa, na hilo la "namba tu" nalisikia kila wiki. Wenye maduka wanalisema, mameneja wa magodauni wanalisema, hata mafundi wenzangu, nao wanajua mashine inafanya nini.

Mashine husoma mistari ya kidole: wapi inakatika, wapi inagawanyika mara mbili. Nafasi hizo ndizo zinazoandikwa kwa tarakimu. Hadi hapo msimamizi amesema kweli. Ila tarakimu hizo zimetoka kwenye kidole chako, na kazi yake ni moja, kukutambua wewe katikati ya watu wote. Watafiti walishaonyesha kwamba kutoka kwa tarakimu hizo hizo inawezekana kuchora upya alama inayokaribia ile ya asili, kiasi cha kuidanganya mashine.

Halafu nani kakuhakikishia kwamba ni namba peke yake? Mwaka 2019 BioStar 2, mfumo wa kufungulia milango kwa kidole au uso wa kampuni ya Suprema ya Korea Kusini, ulikutwa wazi kwenye intaneti, na watafiti walioukuta walisema ndani yake mlikuwa na alama zenyewe za vidole vya watu zaidi ya milioni moja. Miaka minne kabla yake, wezi wa mtandaoni waliiibia serikali ya Marekani alama za vidole vya watu milioni 5.6. Paswadi ikiibwa, jioni hiyo hiyo unaweka nyingine. Hao watu milioni 5.6 wanatembea na vidole vile vile mpaka leo.

Wala siendi mbali. Niliitwa godauni moja Shimanzi kwa sababu mashine ya mahudhurio imegoma. Kompyuta yake ilikuwa chini ya meza ya karani, imefunikwa gunia dhidi ya vumbi, paswadi ni 1234. Nilipofungua faili nikakuta nyuso za vibarua, namba za vitambulisho na picha za vidole, safi kabisa, pamoja na za watu walioacha kazi zamani. Flashi moja na dakika tano zingetosha kuvibeba vyote.

Na mwanamke wa hapa kwetu humtokea jambo jingine. Katoka arusini, piko imefika ncha za vidole, mashine inamkataa. Anaambiwa ajaribu kingine, kisha kingine. Anaondoka ameacha vidole vinne kwa ajili ya mazoezi ya mwezi mmoja, wakati kadi ya plastiki ingefungua mlango ule ule.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaiweka alama ya kidole kwenye kundi la data nyeti. Ridhaa uliyotoa unaweza kuiondoa wakati wowote, na kifungu cha 40 kinakupa haki ya kuomba data isiyohitajika tena ifutwe. Kwa hiyo andika barua au barua pepe, wala usiishie kusema mdomoni. Taja tarehe uliyojiunga na uliyoacha, udai zifutwe kwenye mashine ya mlangoni, kwenye kompyuta na kwenye nakala za akiba, kisha wakujibu kwa maandishi. Mashine ikifutwa na kompyuta ikaachwa, mara nyingi kompyuta huirudishia mashine alama zote kesho yake. Wakikupuuza, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hulipishwi, na uchunguzi unatakiwa umalizike ndani ya siku 90.

Tusidhani ni jimu peke yake. Mwaka 2023 Wakenya walipanga foleni ndefu kupigwa picha ya mboni ya jicho na Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, kwa malipo ya kama shilingi 7,000. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hiyo ifutwe, karibu miaka miwili baada ya pesa kuliwa zikaisha.

Sasa naitwa kufunga mashine kwenye vituo vya masomo ya ziada, watoto waweke kidole wakiingia. Kwa mtoto sheria inataka ridhaa ya mzazi, na nikiuliza fomu za wazazi ziko wapi, mwenye kituo hunitazama kama niliyemtukana. Kazi ya namna hiyo mimi naikataa. Mwalimu ana daftari la mahudhurio na kalamu, na watoto wenyewe ni thelathini, anawajua wote kwa majina.