Msomaji Auliza: Je, Naweza Kujijazia Gesi ya AC Kwenye Gari Langu la Haibridi?

SWALI: Ndugu mhariri, nina Toyota Aqua, gari la haibridi linalotumia petroli na umeme, niliyoiagiza kutoka Japani ikiwa imetumika. Tangu joto lipande hapa Tanga, AC yake inatoa upepo wa uvuguvugu tu. Dukani nimeona makopo ya gesi ya R134a yenye mpira na geji ndogo, na jirani yangu, ambaye aliijaza Corolla yake kwa kopo kama hilo, ananishauri nifanye vivyo hivyo. Je, nifanye? Na nikienda kwa fundi nimwambie nini, maana wa hapa mtaani ana mashine moja anayoitumia kwa magari yote?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, kwa gari lako jibu ni hapana, na ni vyema uielewe sababu yake, kwa kuwa hatari haitokani na gesi. R134a iliyoandikwa kwenye makopo hayo ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye Corolla ya jirani yako na kwenye Aqua nyingi. Tofauti iko kwenye kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya AC, na zaidi kwenye mafuta yanayoilainisha.

Kompresa ya Corolla ya kawaida huzungushwa na fenibelti. Ya Aqua huzungushwa na mota ya umeme iliyofungwa ndani yake, inayotumia umeme wa betri kubwa, ambao kwenye Aqua ya kizazi cha kwanza ni volti 144 na kwenye Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ni volti 201.6. Nyaya za mota hiyo zinalowa gesi na mafuta muda wote AC inapofanya kazi, hivyo mafuta hayo hayana budi kuwa ya aina inayozuia umeme usipenye. Toyota huweka mafuta ya jamii ya POE, yanayoandikwa ND-OIL 11, ilhali kompresa nyingi za fenibelti hutumia mafuta ya PAG. Makopo mengi ya dukani yamechanganywa na PAG, na mengine yana dawa ya kuziba matundu. PAG ikiingia, hata kwa kiasi kidogo, kinga ya umeme ndani ya kompresa hupungua na umeme huanza kuvuja kuelekea kwenye bodi ya gari. Kompyuta ya gari ikiligundua hilo huwasha taa ya onyo na kuhifadhi msimbo wa hitilafu P0AA6, na gari ukishalizima linaweza kukataa kuwaka tena. Hapo fedha uliyotaka kuiokoa kwa kopo moja huishia kwenye kompresa mpya, na mara nyingi vifaa vingine vya mfumo pia, kwa sababu mafuta yaliyokwisha kuenea kwenye mabomba ni vigumu mno kuyasafisha.

Hata ukipata kopo la gesi tupu bado nisingekushauri. Geji ya kopo husoma presha ya upande mmoja tu, wakati kompresa ya Aqua hubadilisha kasi kadiri kompyuta inavyoiamuru, kwa hiyo usomaji huo unaweza kukupotosha kabisa. Gesi ya gari kama hili hupimwa kwa uzito. Prius ya kizazi cha tatu, kwa mfano, huchukua takribani gramu 470, na ikizidi ubaridi hupungua badala ya kuongezeka. Kiasi cha gari lako kimeandikwa kwenye kibandiko kilichomo chini ya boneti, pamoja na aina ya gesi na mara nyingi aina ya mafuta. Kisome kabla ya jambo lolote, kwani haibridi zote hazifanani: Honda Insight ya mwaka 2009 bado ina kompresa ya fenibelti.

Tena gesi ya AC haiishi kwa kutumika. Ikipungua, ujue inavuja mahali. Injini ikiwa imezimwa, unaweza kuangalia mwenyewe kondensa (kipoza gesi) iliyo mbele ya rejeta kama imepigwa mawe, na maungio ya mabomba kama yana doa la mafuta lililoshika vumbi. Nyaya za rangi ya chungwa, zinazobeba umeme wa betri kubwa, usiziguse.

Kwa fundi, uliza kwanza kama ana mipira na mashine isiyopitisha PAG, kwa sababu masalia yaliyobaki kwenye mipira iliyohudumia magari mengine yanatosha kuleta madhara niliyoyaeleza. Aivute gesi iliyobaki kwa mashine badala ya kuiachia hewani, maana R134a huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito sawa wa kaboni dioksaidi, na ni miongoni mwa gesi ambazo mataifa yalikubaliana mjini Kigali mwaka 2016 kupunguza matumizi yake. Kisha atafute tundu, alizibe, apige vakyumu, yaani anyonye hewa yote iliyomo kwenye mfumo, na ajaze kwa mizani. Akikujibu kwamba mafuta yote ni sawa, tafuta mwingine, hata ikibidi kusafiri hadi Dar es Salaam.

Mpaka siku hiyo endesha madirisha yakiwa wazi. Betri kubwa ya Aqua hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inayovutwa kupitia tundu lililo kwenye kiti cha nyuma, kwa hiyo ndani kukiwa na joto kali betri nayo inaumia. Usiweke mizigo mbele ya tundu hilo, na umwombe fundi asafishe kichujio chake siku hiyo hiyo.