Mnaoanza kutengeneza fomu za programu, msiishie kuzuia vitufe tu

Wadau mnaoanza, najua kitu cha kwanza mtu anataka ni kisanduku cha umri kikatae herufi, na njia inayokuja haraka ni kukamata kila kitufe, kwenye lugha ya C# unaenda KeyPress (tukio linalotokea kitufe kikibonyezwa), ukikuta siyo namba unaweka e.Handled = true, yaani kitufe hicho kipuuzwe, basi. Sawa, ila ruhusu Backspace (char.IsControl, inayotambua vitufe visivyo vya maandishi, inatosha) la sivyo mtu akikosea hawezi hata kufuta. Alafu kuna kupesti: yuza akipesti "abc" kwa mausi inaingia kama ilivyo, maana hakuna kitufe cha herufi kilichobonyezwa.

Ndo maana nawasihi mkague maandishi yatakavyokuwa baada ya badiliko, siyo kitufe kimoja kimoja. Java Swing (maktaba ya Java ya kutengeneza madirisha na fomu) ina DocumentFilter, iwe mtu kaandika au kapesti lazima apite humo, ila msiandike metodi yake ya insertString peke yake, kuandika kwa kawaida kwenye JTextField (kisanduku cha maandishi) kunapitia metodi ya replace. Tkinter, maktaba ya fomu ya Python, ina validatecommand, ukiipa %P unapata maandishi yote yatakavyokuwa.

Sasa hapa ndo wengi wanawatesa watu. Tuseme umri ni 18 hadi 60 na mtu anataka kuandika 25, lazima aanze na 2, na 2 ni ndogo kuliko 18, ukiikataa hapo hapo 25 hataifikia kamwe! Qt (maktaba nyingine ya fomu) wamelipanga vizuri hili, validator yao, yaani mkaguzi wa maandishi, ina majibu matatu: Acceptable (sahihi), Invalid (haifai), na katikati Intermediate, yaani bado haijatimia muache aendelee. Fuateni hivo hivo hata kama hamtumii Qt: wakati anaandika kataa tu kile ambacho hakiwezi kuwa sahihi hata akiongeza, kisanduku kitupu ruhusu, alama ya kutoa peke yake ruhusu kama namba hasi zinakubalika. Mipaka kagua akibonyeza kuhifadhi, na mwambie kwa maneno "umri uwe kati ya 18 na 60", siyo mlio tu, anabaki hajui kakosea nini.

Kingine, char.IsDigit ya C# (inayoangalia kama herufi ni tarakimu) inakubali hata tarakimu za Kiarabu kama ٣, ila int.Parse (inayogeuza maandishi kuwa namba) inazikataa na programu inaanguka, kwahiyo linganisha na '0' hadi '9' na utumie TryParse, ambayo ikishindwa inakujibu tu bila kuangusha programu.

Na majina jamani yaacheni. Kuna majina yenye nafasi, kistari, kuna O'Brien. Kama unazuia hiyo alama ya ' kwa kuogopa itaharibu amri ya databezi, dawa yake ni kutumia parameta kwenye SQL (lugha ya databezi), yaani jina linatumwa pembeni ya amri, mtu aandike jina lake lilivyo.