Triga inayozuia kufuta bila kutoa kosa

Ndugu yangu wa Kariakoo, umeeleza kwamba ukifuta mauzo yaliyoingizwa kimakosa kwenye jedwali la duka, PostgreSQL, programu ya hifadhidata unayotumia, haitoi kosa lolote, lakini mistari inabaki palepale. Tatizo liko kwenye amri ya mwisho ya fanksheni ya triga yako (msimbo unaojiendesha wenyewe data inapobadilishwa), uliyoiandika kwa PL/pgSQL, lugha ya PostgreSQL, yaani RETURN NEW, inayorudisha mstari mpya. Wakati wa DELETE, yaani amri ya kufuta, hakuna mstari mpya, kwa hiyo kuanzia toleo la 11 la PostgreSQL NEW huwa NULL (tupu), na triga ya BEFORE (inayotangulia badiliko) inayoendeshwa kwa kila mstari ikirudisha NULL, hifadhidata huelewa kwamba imeagizwa kuuruka mstari huo, nayo huuruka kimyakimya. Rudisha OLD, yaani mstari unaofutwa, pale TG_OP (kigezo kinachotaja aina ya amri) inapokuwa 'DELETE'. Kosa hilohilo liliwahi kunipotezea jioni nzima hapa Sinza.

Hata hivyo, kwa kuwa unachotaka ni kumbukumbu tu ya nani amefuta nini, mimi ningeifanya triga hiyo kuwa ya AFTER (inayofuata baada ya badiliko), ambako thamani inayorudishwa hupuuzwa. Usiache kuweka RETURN NULL mwishoni, kwani fanksheni ikifika mwisho bila RETURN yoyote, utapata kosa.