Kwani walioa wapi?

Swali la wiki: Mifupa ya kale inaweza kutueleza asili yetu kuliko wazee wetu?

Mhariri, nimelelewa Mbagala na bibi mzaa baba, mtu wa Kilwa. Jioni akikaa juu ya mbuzi kukuna nazi, alipenda kunihesabia mababu: fulani bin fulani bin fulani, mpaka amfikie yule aliyeshuka na jahazi kutoka Shirazi, Uajemi. Shuleni mwalimu wangu alicheka. Ushirazi, alisema, ni kujikweza tu kwa watu wa pwani.

Mwaka 2023 jarida la Nature likatoa utafiti wa vinasaba vya watu 80, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Kilwa na Songo Mnara, kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Joto la huku kwetu huharibu vinasaba upesi, kwa hiyo wataalamu hupendelea jino au ule mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani; unga kidogo tu unatosha. Wakakuta kwamba wanaume wa Kiajemi walikuja kweli, na kuchanganyika kulianza kwenye mwaka 1000. Bibi hakuwa mwongo, mwalimu wangu na asome.

Ila utamu wa habari hauko kwa yule wa jahazi. Mitokondria, visehemu vya seli vyenye vinasaba vyake, mtoto huirithi kwa mama peke yake. Kromosomu Y, fungu la vinasaba la kiume, hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Zilipotazamwa hizo mbili, Uajemi ulikuwa umeingia kwa njia ya baba, na akina mama walikuwa Waafrika kwa sehemu kubwa. Wengi wa wale marehemu, zaidi ya nusu ya vinasaba vyao ni vya Afrika. (Tukumbuke kwamba baadhi ya makaburi hayo ni ya wenye nacho, kando ya misikiti. Wavuvi na watumwa wamesemewa kidogo.) Ndiyo maana sishangai kwamba watoto wa nyumba hizo walikua na Kiswahili, lugha ya Kibantu, si Kiajemi.

Kwa hiyo jibu langu: mifupa imenipa upande ambao bibi hakuwahi kuuhesabu. Si kwamba hakuujua. Siku moja, nikiwa darasa la nne, nilimuuliza hao mababu walioa wapi. Akakung'uta kifuu, akachukua kingine.

"Si hapa hapa! Kwani walikuja na wake?"