Jibu: Mtoto aliyelelewa na bibi hanizoei

Habari dada. Nimekuelewa: mwanao alikaa kwa bibi yake tangu ana mwaka na nusu, sasa ana 7 umemleta mjini, hakuiti mama, mawifi wanasema umeshindwa kulea, unamchapa naye anazidi kujifungia.

Kwanza angalia kama bado anaongea na bibi yake. Wangu nilimtoa Lushoto akiwa na miaka 6, nikamleta Tabata, nikakata simu za bibi nikidhani atanizoea haraka. Alikuja na kipande cha khanga ya bibi, analala amekishika puani. Siku nilipokifua alilia mpaka akatapika. Ndipo nikaona kwamba mtoto hana kiburi, yuko msibani. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyefuatilia akina mama na vichanga karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, aliona mtoto hushikamana na anayemwitikia. Wako aliitikiwa na bibi.

Nikarudisha simu, kila jioni. Nikaacha kumlazimisha aniite mama. Tukawa na kazi yetu wawili tu, kuchambua mchele, hata bila maneno. Ilichukua karibu mwaka.

Kuhusu fimbo, jiulize: unamchapa kwa kosa lake, au kwa sababu wifi ameketi sebuleni anakutazama? Mimi ilikuwa hilo la pili, na bado linaniuma. Mawifi mwachie mumeo, ni dada zake.

Akianza kukojoa kitandani au kunyamaza hata shuleni, usisubiri, muone ofisa ustawi wa jamii.