Fleti ya ghorofa nane, zimamoto watapitia wapi?

SWALI: Mhariri, huku kwetu Ruai, Nairobi, jirani ameweka bango la fleti ghorofa nane na barabara yenyewe hata lori la maji linapita kwa shida, sasa moto ukishika zimamoto watoke stesheni yao ya Tom Mboya Street katikati ya jiji wafike saa ngapi? Tunaweza kupinga?

JIBU: Mnaweza, lakini si kwa kelele za WhatsApp ya esteti. Zimamoto na kibali cha ujenzi zote ni kazi ya kaunti, so andikeni barua ya pingamizi, pimeni upana wa barabara na tepu kabisa muandike mita zake kwenye barua. Kaunti ikipitisha kibali tu, sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inawapa siku 14 kukata rufaa kwa liaison komiti ya kaunti, yaani kamati inayosikiza rufaa za mambo ya ujenzi na mipango. Msingoje mkutano wa esteti wa mwisho wa mwezi.